Mtarakwa wa Babu, Ulio kwa Jirani

Jumatatu, Aprili 8

Binti yetu Mihono amepiga simu kutoka Fukuoka. Wazazi wa mchumba wake, Takuto, wanakuja huku kisiwani Iki kututembelea rasmi, Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Watakula chakula cha mchana, watakunywa chai, tutazungumza habari za harusi. Mke wangu Fusae alifurahi mpaka akakalia miwani yake. Mimi pia nilifurahi, kwa muda wa nusu dakika hivi. Kisha Mihono akasema kwamba baba yake Takuto, Bwana Kuratomi, siku hizi hana habari nyingine isipokuwa mtarakwa wangu.

Mtarakwa wangu!

Naandika ukweli hapa kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mwezi wa kwanza Mihono alinipa Bwana Kuratomi kwenye simu tutakiane heri ya mwaka. Mtu mpole. Anauza miti ya bustani huko Kurume, kama baba yake na babu yake. Akataja kwamba ana vichaka mia tano vya maua ya azalea. Hakuringa, alitaja tu. Lakini mtu akikutajia azalea mia tano, utamjibu nini? Nikamwambia mimi nina mtarakwa wa kutambaa, ule wa huku kwetu visiwani, unaolala chini kama mkeka. Ulipandwa na babu yangu. Umetanda juu ya ukuta wa mawe, kisha unamwagika upande wa chini kama maporomoko ya maji. Mita nne. Sijui maporomoko ya maji yalitoka wapi. Yalitoka tu.

Mtarakwa nilio nao niliununua Novemba iliyopita. Una matawi matatu. Ukiufunika kwa bakuli la wali, hauonekani.

Fusae amenishauri nimwambie Bwana Kuratomi ukweli. Nilipokataa, akanishauri niseme umekufa. Niuue mti wa babu yangu! Mwanamke huyu hana heshima kwa wazee wa ukoo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hayo maporomoko ya mita nne yapo. Yapo hatua kumi na mbili kutoka hapa nilipokaa, nyuma ya uzio wa mianzi, kwa jirani yetu Dada Kinue. Ana miaka sabini na sita na bado anapiga mbizi baharini kutafuta kombe na mwani. Marehemu mume wake ndiye aliyeupanda. Rangi yake iko kati ya kijani na buluu. Umejinyoosha ukutani kama mnyama anayeota jua. Kisiwa kizima hakuna wa kuufikia.

Naye anautumia kuanikia mwani. Na soksi!


Jumanne, Aprili 9

Mpango wa kwanza. Nitaukuza wa kwangu.

Kitabu cha maktaba kinasema mti huu hukua shibiri moja kwa mwaka. Nimepiga hesabu. Nahitaji miaka kumi na minane. Nina siku kumi na mbili. Waandishi wa vitabu hawana haraka na maisha.

Nimekwenda duka la wakulima nikanunua miche mingine miwili, ndiyo iliyokuwa imebaki. Nimeipanda yote mitatu imebanana, ili ionekane mti mmoja ulionenepa. Kitabu kinataka kokoto, jua kali na udongo usiotuamisha maji. Kitabu kimeandikwa na mtu wa Tokyo. Mimi ni mtu wa Iki, nimekata tiketi za feri dirishani miaka thelathini na minane, najua kitu cha kisiwa kinataka nini. Nimeomba ndoo ya matumbo ya samaki bandarini. Yote nimeyafukia kwenye shimo. Maji mara tatu kwa siku, maji yaliyooshea mchele, yana nguvu.

Fusae amefunga madirisha yote. Anasema ni kwa sababu ya upepo.


Alhamisi, Aprili 11

Paka.

Sikujua Iki ina paka wengi kiasi hiki. Asubuhi nilihesabu kumi na wanne. Wamefukua shimo lote. Mche mmoja niliukuta barazani, mwingine umelaliwa na dume moja la rangi ya chungwa ambalo lilinitazama kama mimi ndiye mgeni.

Dada Kinue alitokeza kichwa juu ya uzio, nywele bado zinachuruzika maji ya bahari. Akaniuliza:

"Mdogo wangu Eikichi, umefungua hoteli?"

Nilimwambia ni mbolea. Akacheka mpaka akashika uzio. Kisha akanipa ushauri ambao sikuuomba. Alisema mti huu haupendi kubembelezwa. Unataka jua, mawe na kiu. Alisema tangu mume wake aupande hajawahi kuupa hata kikombe kimoja cha maji.

Hata kikombe! Anaficha siri yake, ni wazi. Mtu mwenye mti kama ule hawezi kukwambia anachoufanyia.

Nimepanda upya. Nimeongeza maji, sasa ni mara tano.


Jumamosi, Aprili 13

Ncha za miche zimekuwa njano. Fusae anasema nimeizamisha. Nimemweleza kwamba mimea hubadilika rangi ikiwa inajiandaa kukua. Aliniuliza nimesoma wapi. Nikatoka nje.

Na ni vizuri nilitoka, kwa sababu nikiwa nimechuchumaa pale nililiona jambo. Tawi moja la mtarakwa wa Dada Kinue limepenya chini ya uzio. Limetambaa lenyewe mpaka kwangu, kiasi cha kiganja. Nililitazama sana. Mti wenyewe unataka kuja! Kinachouzuia ni nini? Uzio. Na uzio ni wa nani? Wangu. Baba yangu ndiye aliyeujenga.

Mpango wa pili, na naona aibu kwamba haukuwa wa kwanza. Kwa nini mti uje kwangu, wakati naweza kuondoa kilicho katikati?

Nilikwenda kwa Dada Kinue nikamwambia kwa huzuni kwamba uzio wetu umeliwa na mchwa, lazima ushuke wote. Alikwenda kuugonga kwa ngumi. Uzio ulilia kama ngoma.

"Mchwa gani hao?"

Nikamwambia wale wa ndani kwa ndani.

Alinitazama kidogo, akasema sawa, ushuke, tena itakuwa rahisi kuja jikoni kwetu kupiga soga na Fusae. Mpaka saa tisa alasiri nilikuwa nimeung'oa wote. Nikasimama barazani nikatazama. Jamani! Bustani mbili zimekuwa moja. Jicho linatoka kwenye ngazi zetu, linapita kokoto, linafika ukutani, linamwagika na mtarakwa mpaka chini. Machozi yalinilengalenga. Babu angejivunia.

Saa kumi Dada Kinue alipita katikati na beseni, akaanika mwani.


Jumapili, Aprili 14

Lazima Dada Kinue asiwepo siku ya wageni. Simchukii. Lakini mtu hawezi kuonyesha urithi wa babu yake huku mwenye mti amekaa pembeni anakata kucha.

Nilimwambia nimesikia mwani wa ghuba ya kaskazini umejaa sana, Jumapili ijayo ndiyo siku yake. Akasema Jumapili chama chao cha wapiga mbizi hakiruhusu mtu kuzama. Nikamuuliza kama hana ndugu wa kutembelea. Akasema ndugu zake wamekufa au wanachosha.

Ndipo nikakumbuka ile tiketi. Kwenye droo ya Fusae kuna tiketi ya kwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto na kula chakula cha mchana, zawadi ya Mihono ya siku ya kuzaliwa. Imekaa pale tangu Februari. Fusae anasema anaitunza. Kitu unachokitunza miezi miwili hukihitaji. Nilimpelekea Dada Kinue, nikamwambia nimeishinda kwenye bahati nasibu na lazima itumike Jumapili ijayo.

Alifurahi kweli. Alinishika mikono yote miwili, akasema tangu mume wake afariki hajapewa zawadi na mtu. Akanipa kombe sita na mfuko wa mwani.

Nilijisikia vibaya mpaka kwenye mlango wa nyumba yangu. Kombe walikuwa watamu.


Jumatano, Aprili 17

Nisingependa kuandika leo.

Asubuhi Dada Kinue alikwenda baharini. Nilitoka kuutazama mti na nikaona kwamba ukiwa na mmiliki makini ungekuwa bora zaidi. Haujakatwa miaka mingi. Matawi yamepandana, chini kuna majani makavu. Bwana Kuratomi ni fundi, atagundua mara moja kwamba babu na mjukuu ni wavivu. Nikachukua mkasi wa bustani. Nia yangu ilikuwa kupunguza kidogo tu juu.

Nikapunguza upande wa kulia. Ukawa mfupi kuliko wa kushoto. Nikapunguza wa kushoto. Ukawa mfupi zaidi. Katikati pakawa pamevimba, nikapaingia. Ndani ya mti ule hakuna majani! Ukivuka lile blanketi la kijani, unakuta vijiti vikavu vya kahawia tu, kama mifupa. Nami nilikuwa nimeshavuka. Niliendelea kidogo nikidhani kijani kitaanza tena.

Mti una upara. Katikati kabisa. Ukubwa wake ni kama mito miwili ya kukalia wageni. Kitabu kinasema, ukurasa wa mia na kumi, kwamba sehemu iliyokatwa mpaka kwenye vijiti vikavu haioti tena. Haioti tena! Kitu kama hicho huandikwa ukurasa wa kwanza!

Niliyarudisha matawi niliyoyakata, nikayachomeka. Kwa mbali yanafaa. Fusae aliniona kutoka dirishani. Chakula cha mchana kilikuwa wali baridi na kachumbari ya figili moja. Si aina moja. Figili moja.


Alhamisi, Aprili 18

Dada Kinue ameuona.

Alikuja na beseni lake kama kawaida. Aliinama kutandaza mwani, tawi moja nililolichomeka likamfuata mkononi. Akalitazama. Akavuta lingine. Nilikuwa barazani, nikamwambia ni paka. Nilisema hata dume lile la chungwa nililiona kwa macho yangu.

Nilingoja anitukane, ana mdomo huyu mama, bandarini wanaume wanampisha njia. Hakunitukana. Alichukua beseni lake lenye mwani mbichi, akaingia ndani, akafunga mlango wa mbele. Mlango ule haujawahi kufungwa mchana tangu nimfahamu.

Fusae aliniambia jambo moja tu leo, nalo alilisema akiwa ananipa mgongo. Alisema mume wa Dada Kinue alitoka na mashua mwezi Machi, mwaka ule Mihono alipozaliwa, na hakurudi. Hakuna kaburi lenye mtu ndani. Kuna ule mti.

Nilijua. Mtaa mzima tunajua. Lakini mtu anaweza kujua jambo miaka mingi bila kulifikiria.

Sikupata hamu ya chai. Nilikwenda nikapaka rangi ya kupuliza, ya kijani, kwenye ile miche yangu mitatu, ili mikono iwe na kazi. Rangi imekaa vizuri sana.


Ijumaa, Aprili 19

Saa moja asubuhi Dada Kinue alisimama barazani kwetu amevaa mabuti. Nilitoka nikapiga magoti kwenye mbao, nikainamisha kichwa mpaka chini. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalitoka mawili tu: nisamehe dada.

Akaniuliza:

"Yule paka alitumia mkasi mkubwa au mdogo?"

Nikasema mkubwa.

Akasema inuka, shika kigari chako, twende ufukweni. Huko alinichagulia jiwe. Si jiwe, ng'ombe! Jeusi, limelambwa na mawimbi, lina mstari mweupe ubavuni. Nilimwonyesha lingine dogo zuri. Akasema yeye hana haja na zuri, ana haja ya kuona mgongo wangu unauma. Tulilibingirisha kwa mbao kwenda kigarini, tulilibingirisha kwa mbao kutoka kigarini. Yeye ndiye aliyesukuma zaidi, lakini mimi ndiye niliyelia.

Tuliliweka kwenye ule upara. Alilizungusha mara tatu, akarudi nyuma, akalizungusha tena. Kisha akaniambia, kama anayezungumza na jiwe, kwamba mume wake pia aliukata vibaya mwaka wa pili, upande wa chini, akalala siku mbili bila kula kwa hasira. Palipokatwa hapajaota mpaka leo. Matawi ya jirani yalikuja yakapafunika, polepole, ilichukua miaka tisa. Akasema:

"Mimi sina miaka tisa ya kutazama shimo, Eikichi. Nitatazama jiwe."

Nilirudi nyuma nami nikatazama. Hakika lilikuwa limependeza. Kisiwa kidogo cheusi katikati ya bahari ya kijani. Mti ni mzuri kuliko ulivyokuwa. Sipendi kujisifu hata kwenye daftari langu mwenyewe, lakini bila ule mkasi lile jiwe lisingepata pa kukaa.


Jumapili, Aprili 21

Siku yenyewe. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kwa sababu ya mgongo.

Saa tatu Dada Kinue alipanda basi na taulo lake kwenda kuoga. Saa nne nilikuwa bandarini. Bwana Kuratomi ni mtu mdogo mwenye masikio makubwa na mikono iliyojaa makovu ya miiba. Mke wake anatabasamu kila baada ya maneno mawili. Mihono alinivuta shati akaninong'oneza kwamba leo nisiwe mimi. Takuto alibeba mizigo.

Hata ndani Bwana Kuratomi hakuingia. Alizunguka nyumba moja kwa moja, akauona mti, akasimama. Kisha akapiga magoti kwenye kokoto na suti yake nzuri. Hatimaye akasema:

"Ndugu yangu, uliniambia mita nne. Huu ni mita tano."

Nilimwambia sipendi kuongeza chumvi.

Akauliza nani aliweka jiwe. Nikasema mimi. Alisema mkono wangu una utulivu mkubwa. Fusae, nyuma yetu, alipaliwa na hewa.

Ningenyamaza hapo, siku ingekuwa kamili. Lakini aliniuliza nautunzaje, kwa heshima, kama mwanafunzi. Nikamweleza. Matumbo ya samaki, ndoo nzima. Maji ya mchele, mara tano kwa siku, siri ya ukoo. Bwana Kuratomi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Macho yake yakasafiri taratibu mpaka kwenye miche yangu mitatu pale pembeni. Akaenda akaigusa. Akatazama ncha za vidole vyake. Zilikuwa za kijani.

Tukaingia kula.

Fusae alikuwa amepika changu mzima wa kuchoma, wali mwekundu wa maharage, samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeinua vikombe, milango ya bustani iko wazi, mti unaonekana kama picha, Dada Kinue akatokea. Nywele zimelowa, uso mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Alipita pale uzio ulipokuwa, akatandaza taulo lake juu ya mtarakwa, akaning'iniza soksi mbili kwenye jiwe. Kisha akatupungia mkono, akapaza sauti kwamba miaka hamsini katika maji baridi imemharibu, dakika kumi za maji moto amechoka, ila chakula kilikuwa kizuri, na ahsante kwa tiketi.

Fusae aliuliza tiketi gani.

Bwana Kuratomi, akiwa amekodoa macho kwenye zile soksi, aliuliza kwa upole huyu mama ni nani.

Watu wote walinitazama. Nilifungua mdomo. Nikasikia sauti yangu ikisema huyu ni dada yangu mkubwa.

Mihono alitema chai.

Dada Kinue alinitazama muda mrefu kuliko safari ya feri. Kisha akavua viatu, akapanda, akakaa upande wa heshima, karibu kabisa na Bwana Kuratomi, akajipakulia kichwa cha changu.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ndiye niliyemlea. Ni mtu mwema. Msimpe tu mkasi."

Mambo aliyoyasema baada ya hapo sitayaandika yote. Alisema nilikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Si kweli! Lilikuwa la pili. Alisema niliwahi kumwandikia barua ya mapenzi mwalimu wa muziki na kuipeleka kwa mkuu wa shule kwa makosa. Mama Kuratomi alicheka mpaka akaegemea bega la Fusae. Takuto, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kama aliyemeza fimbo, alimwongezea Dada Kinue wali bila kuambiwa.

Kisha Bwana Kuratomi alimuuliza habari za mti. Yeye, si mimi. Na Dada Kinue akajibu, mdomo umejaa, kwamba mume wake alikuja nao ndani ya kofia yake, kijiti tu, siku waliyohamia nyumba ile. Alisema tangu bahari imchukue hakuna aliyeugusa isipokuwa mwani.

Bwana Kuratomi alinigeukia. Nilitazama dari. Dari yetu inahitaji kupakwa rangi.

Hakuniuliza kuhusu babu. Alimjazia Dada Kinue kikombe kwa mikono miwili, akasema mume wake alikuwa na jicho, alipanda mahali penye mawe na jua, akauacha uishi. Akasema ameuza miti maisha yake yote na ni wachache wanaojua kuacha. Dada Kinue alikunywa, akafuta mdomo, akatazama nje. Macho yangu yaliwasha. Ni chavua, msimu huu inakuwa nyingi.

Waliongea wawili hao kwa saa mbili. Habari za harusi zilimalizwa na Fusae na Mama Kuratomi kwa dakika kumi: Oktoba, Fukuoka, watu thelathini na sita. Halafu Bwana Kuratomi aliomba ruhusa ya kuchukua vipandikizi vitatu, avioteshe kwa ajili ya nyumba ya watoto. Aliomba kwa nani? Kwa Dada Kinue! Kwenye bustani yangu! Naye akasema chukua, kimoja cha bwana na bibi harusi, kimoja chako, na cha tatu, kikishakuwa kikubwa na jeuri, umletee Eikichi.

Bandarini, boti ikikaribia kuondoka, Bwana Kuratomi aliniinamia, akanisogelea sikioni.

"Ile midogo uliyoipaka rangi," akasema, "ioshe. Kisha usiiguse mwaka mzima. Itaishi."

Nilimshukuru. Mpaka sasa sielewi alijuaje kuhusu rangi. Kazi yangu ilikuwa safi.

Fusae anataka kuzungumza nami kuhusu tiketi. Nimemwambia mgongo.


Jumanne, Aprili 23

Nimetafakari kwa siku mbili, kwa uaminifu, na naona mambo yalikwenda vizuri ajabu. Harusi imepangwa. Wageni waliuona mtarakwa. Nimepata dada. Dada huyo anakuja jikoni kwetu kila asubuhi kupitia pale penye uzio, anakula kachumbari yangu, wanacheka na Fusae, nikiingia wananyamaza. Nimepewa adhabu ya kuosha vyombo mpaka Juni. Nimejifunza mengi. Kwa mfano, kwamba mti ni kitu kigumu kukiazima, kwa sababu una mizizi.

Leo asubuhi Bwana Kuratomi alipiga simu kutoa shukrani. Mtu muungwana kabisa. Tukaongea hali ya hewa. Akataja kwamba, miti ikimchosha, anapenda kuvua ngisi, na Juni angependa kurudi Iki tukae siku mbili pamoja, yeye na mimi tu. Akauliza kama mimi ni mvuvi.

Nikamwambia nina mashua.

Nikamwambia nimeiunda mwenyewe.

Fusae alikuwa amesimama na sahani mkononi. Aliiweka chini polepole sana, akatoka nje, nikasikia akimwita Dada Kinue.

Wanawake huogopa mapema. Nimeshashuka gatini kuangalia. Bwana Urabe wa mtaa wa chini ana mashua nyeupe, mita saba, ina taa kumi na mbili za kuvutia ngisi, na kila Juni huenda Osaka kwa mwanawe. Ni kweli kwamba jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Lakini jina ni rangi tu, na rangi ya kupuliza bado ninayo, kopo zima. Tena mashua haina mizizi. Inaelea! Ukiifungua kamba inakuja yenyewe.